Naomba ushauri: nyumba ya mawe Langoni, ninunue au niiwache?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni seremala hapa Amu (mji wa Lamu). Nimeweka akiba miaka 9, sasa nataka kununua nyumba ya kwanza, niitengeneze kisha niipangishe. Si kwa watalii, ni kwa walimu na wauguzi wanaohamishiwa huku wakakosa vyumba vya maana.

Iko moja mtaa wa Langoni, ya ghorofa. Zidaka (vile vishubaka vya ukutani) bado nzima, lakini boriti za ukumbini zimeliwa na mchwa. Nilichoma kisu kikazama hadi mpini. Ukuta wa upande wa choo kuna mtu aliupiga plasta ya saruji, sasa unatoka chumvi na plasta yabanduka vipande kama sahani. Najua dawa yake ni chokaa. Najua pia mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, huvunji ukuta bila watu wa Makumbusho kujua. Hilo halinitishi. Labda gharama ya punda wa kubeba mchanga!

Kinachoninyima usingizi ni mirathi. Anayeniuzia ni mmoja wa ndugu 5, mmoja yuko Maskati, na hati bado ina jina la marehemu baba yao. Anataka arubuni ya laki 3 wiki hii, eti kuna mnunuzi mwingine. (Huyo mwingine hakosi kamwe.)

Mliopitia haya, niwaambie waende kwanza kwa Kadhi wagawane? Au arubuni akae nayo wakili? Na boriti za mkoko za ukumbi mmoja siku hizi ni pesa ngapi?