Tupeane uzoefu: Kupita Fair Isle mkiwa wawili tu kwenye boti ya matanga

BiDira
Wakuu, habari za humu. Kila kiangazi kikikaribia swali hili hurudi: mtu na mwenzake wanatoka Orkney kwenda Shetland, je, walale Fair Isle au wapitilize? Tupeane uzoefu, ila naomba iwe mambo ya kazi: kamba, saa, mafuta, karatasi. Hadithi za nani alitapika tuziache.

Kwa wasiopajua: ni kisiwa cha Uskoti kilicho katikati ya mafungu ya visiwa vya Orkney na Shetland, urefu kama kilomita 5, upana kama 2.5, wakazi wapatao 50, karibu wote upande wa kusini. Tangu 1954 kinamilikiwa na National Trust for Scotland. Boti zinaingia North Haven, pwani ya mashariki kuelekea kaskazini. Kutoka North Ronaldsay, kisiwa cha Orkney, ni kama maili 25 za bahari, kutoka Lerwick, mji mkuu wa Shetland, kama 40. Kwa boti inayokwenda noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa), hesabu saa 5 na saa 8, kabla mkondo haujasema lake.

Mkuku_Mrefu
Nianze na huo mkondo, maana ndio unaoamua yote.

Kwanza muondoe kichwani bamvua za kwetu. Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Lerwick hayafiki hata mita 2. Anayetazama jedwali hilo peke yake ataona mambo mepesi. Tatizo ni kwamba visiwa hivi vimekaa kati ya Atlantiki na Bahari ya Kaskazini, na maji hayajai pande zote mbili kwa saa moja. Upande mmoja ukiwa juu, mwingine bado uko chini, basi maji yote hukimbilia kwenye mapengo: Orkney na Fair Isle ni pengo moja, Fair Isle na Sumburgh Head, ncha ya kusini ya Shetland, ni jingine. Kwa saa kama sita yanaelekea kusini-mashariki, kisha yanageuka kwenda kaskazini-magharibi. Na saa ya kugeuka HAILINGANI na saa ya maji kujaa pale gatini. Ndiyo maana jedwali la maji halitoshi. Chukua atlasi ya mikondo ya Admiralty, namba NP 209, mchore saa kwa saa mkiwa bado mmefunga Kirkwall, bandari ya Orkney.

Jambo la pili ni ncha za kisiwa. Ukitoka Orkney unafikia upande wa magharibi, na bandari iko mashariki, kwa hiyo lazima uzunguke ncha ya kusini au ya kaskazini. Zote mbili zina msukosuko, kwa sababu mkondo uliobanwa na kisiwa unakutana na ule uliopita nje. Upepo ukipiga kinyume na mkondo, mawimbi yanasimama wima na kufupika, na boti ya futi 32 inakwama kati ya wimbi na wimbi. Mimi naacha maili 2 kamili toka ncha yoyote, na napanga kuzunguka wakati mkondo umelala. Ukichelewa, subiri nje. Saa mbili za kuelea ni nafuu kuliko dakika ishirini za mle ndani.

Kuelekea Shetland kuna Sumburgh Roost, eneo la msukosuko mkali wa mkondo kusini mwa Sumburgh Head. Hiyo ina sifa mbaya na inastahili. Kuna ujia mwembamba wa maji tulivu zaidi kati ya roost na jabali, wenyeji huutumia hali ikiwa nzuri. Kwa wageni wawili nashauri kupita mbali, maili 3 au zaidi, hata kama safari inarefuka.

Alama: mchana Sheep Rock inaonekana mapema upande wa mashariki, mita 132, kichwa chake cha majani kimeinama upande mmoja. (Zamani walikuwa wakipandisha kondoo kule juu kwa kamba. Mtu na akili zake!) Usiku taa ya kusini, Skadan, inamulika mara 4 kila sekunde 30, ya kaskazini, Skroo, mara 2 kila sekunde 30. Zote zilijengwa 1892, na ile ya kusini ndiyo ilikuwa ya mwisho Uskoti kuwa na walinzi, hadi 1998. Juni hamtazihitaji sana kwani giza haliingii sawasawa.

Kamba_Nne
Asante mkuu. Naongezea gatini.

North Haven ina gati upande wa mashariki, limekingwa na mnara wa mwamba uliounganishwa na kisiwa kwa ukuta wa mawe. Jambo la kwanza: meli ya kisiwa, Good Shepherd IV, ina nafasi yake na hupandishwa juu ya mteremko isipofanya safari. Usizibe nafasi yake wala njia ya mteremko hata kama meli haionekani. Hiyo ndiyo inayoleta unga, dizeli na barua. Tena kuna mradi wa meli mpya na kurekebisha bandari, kwa hiyo picha za zamani za gati zisikuongoze. Piga simu Lerwick mkaulize hali ikoje kabla ya kutoka.

Kufunga mkiwa wawili, utaratibu ni huu. Dafrao (maboya ya kukinga ubavu wa boti) nne kubwa upande wa gati na mbili za akiba mkononi, kamba zote zimeshatayarishwa kabla hamjaingia mlangoni. Kamba ya kwanza kutoka ni ya katikati ya boti, inakwenda nyuma hadi kwenye kisiki cha gati. Ikishashika, aliye usukani anaweka gia ya mbele polepole na kugeuza usukani upande wa mbali na gati. Boti inavuta ile kamba, haiwezi kwenda mbele, na tezi (nyuma ya boti) inasukumwa ukutani. Hapo imetulia yenyewe, na mwenzako ana muda wa kufunga ya omo (mbele) na ya tezi bila kuruka wala kupiga kelele. Wanaoanza na kamba ya omo ndio wanaoona tezi ikiondoka na upepo huku wakilaumiana mbele za watu.

Kinachoharibika pale ni kamba. Hata siku shwari mawimbi marefu huingia toka nje na boti inakwenda mbele na nyuma mita moja au zaidi. Kamba fupi iliyokazwa inakatika au inang'oa kisiki cha boti. Tumia nailoni ndefu, maana inavutika. Polyester ni ngumu mno kwa kazi hii. Valisha kipande cha mpira wa bomba la maji kila inapogusa zege, na mzikague kila baada ya saa tatu, usiku pia. Mkifungana ubavu kwa ubavu na boti nyingine, sogezeni mmoja mbele kidogo ili milingoti isilingane, la sivyo zikienda mrama mikono ya milingoti itagongana juu.

MzeeForomali
Kwa nini kuhangaika na gati? Tia nanga katikati ya bandari, lala.

Kamba_Nne
Mzee wangu, kwa heshima, nafasi ni finyu na meli inahitaji mahali pa kugeuka. Nanga ili ishike unatoa mnyororo mara nne au tano ya kina, na hapo ukizungukwa na upepo tezi yako inakwenda kutembelea mawe. Halafu maji haya yote ya kaskazini yana ule mwani mkubwa wa kahawia: nanga inaushika, unadhani imezama chini, kumbe imekamata shina tu. Ukitia nanga, rudi nyuma kwa mashine hadi nusu ya mwendo kwa dakika nzima, huku ukilinganisha alama mbili za nchi kavu. Zikisogea, nyanyua, safisha nanga, rudia.

MzeeForomali
Hapo nimekuelewa mwanangu.

Mkuku_Mrefu
Wote mnasahau kubwa kuliko yote: bandari ile iko wazi kwa upepo wa kaskazini-mashariki. Upepo wa kusini au magharibi, mmelala salama. Ukigeuka kuja kaskazini-mashariki, mawimbi yanaingia moja kwa moja na hakuna pa kujificha. South Haven, ng'ambo ya ule mshipi mwembamba wa ardhi, si kimbilio, ina miamba. Kwa hiyo Fair Isle usiulize tu "tutaingiaje", uliza "tutatoka lini, na kwenda wapi". Kabla ya kuingia muwe na utabiri wa saa 48 na mpango wa kuondoka ulioandikwa: mkondo unageuka saa ngapi asubuhi, jioni je, na upepo huo tunakwenda Lerwick au tunarudi Orkney. Eneo la utabiri wa meli wa Uingereza lenyewe linaitwa Fair Isle, lakini ni pana mno, linashika Orkney na Shetland pamoja, kwa hiyo msikilize pia utabiri wa pwani unaotolewa na Shetland Coastguard kwenye redio. Utabiri ukitaja kaskazini-mashariki ndani ya saa 24, ondokeni upepo ukiwa bado mzuri. Msingoje uonekane.

FundiDizeli
Niwape moja ambayo watu hawaitegemei. Mashine kuzimika mlangoni mwa bandari. Mnadhani ni mkosi, ni tope.

Chini ya kila tangi la dizeli la miaka kadhaa kuna uchafu na maji kidogo. Baharini shwari vinakaa chini. Ukipita kwenye msukosuko kwa saa moja, vinapanda, vinaingia kwenye filta ya kwanza, inaziba. Mashine inapungua nguvu, inapanda na kushuka, inazimika. Na kwa kawaida mmeiwasha tu mlipokaribia nchi, kwa hiyo inazimika pale pabaya zaidi.

Dawa: kabla ya safari fungua koki ya chini ya filta ya kwanza, toa maji mpaka dizeli safi itoke. Beba filta za kwanza mbili na ya pili moja, pamoja na mipira yake. Washeni mashine maili 3 kabla ya kufika, iende nusu saa, ili kama itagoma igome mkiwa na nafasi na matanga yapo juu.

Ikizimika: funga koki ya tangi, badilisha filta, ijaze dizeli safi kabla ya kuirudisha, fungua koki. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta ya pili, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, kaza. Haiwaki bado? Legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata sekunde chache mpaka dizeli itoke, kaza moja moja. Mtu aliyezoea ni dakika 15. Wote wawili mjue, maana mmoja atakuwa usukani.

Na dizeli yenyewe jazeni Lerwick au Kirkwall. Msiingie kisiwani mkitegemea kuombaomba.

BiDira
Kaka hapo umenikumbusha usalama wa wawili. Maji kule kiangazi ni nyuzi 12 au 13 tu. Aliyeanguka ana kama dakika 10 kabla vidole havijakataa kushika kamba, na mmoja hawezi kumnyanyua mtu wa kilo 80 kwa mikono. Tayarisheni mapema kapi za vuta-nne kwenye kamba ya kupandishia tanga, na mjaribu gatini kwa kumnyanyua mmoja wenu. Na kila aliye juu afungwe mkanda, hata hali ikiwa shwari, hata anapokwenda haja. Hasa anapokwenda haja.

Shangazi_Lerwick
Wanangu, mmeongea kamba tu. Mkishashuka je?

Duka lipo moja, kusini, kama kilomita 3 kwa miguu toka gatini. Linategemea meli na ndege, hali ikichafuka siku kadhaa rafu zinapungua, na wakazi ndio wanaostahili kwanza. Bebeni chakula cha siku tano zaidi ya mnavyopanga, maji ya kunywa, na paundi taslimu. Baa hakuna. Kituo cha kuangalia ndege (wa mabawa, jamani), kilichoanzishwa 1948, jengo lake liliungua Machi 2019 na kikabidi kujengwa upya. Msipange kula wala kulala pale bila kuulizia kwanza.

Daktari hakai, kuna muuguzi. Mmoja akiumwa, kuna ndege ndogo kwenda Tingwall, uwanja wa ndege karibu na Lerwick, ila ukungu ukitanda hairuki. Meli inachukua abiria 12 tu, na kuvuka hadi Grutness, gati la kusini mwa Shetland, ni saa mbili na nusu, kwa mrama wa kutosha. Kwa hiyo mwenye dawa za kila siku abebe za wiki mbili.

Kutembea ni raha, Ward Hill ni mita 217 tu. Lakini Mei hadi Agosti skua wakubwa, ndege wa baharini, wana mayai au makinda na hushuka kichwani kama mawe. Inua fimbo juu ya kichwa, watapiga fimbo. Ondoka walipo, usisimame kupiga picha. Fulma, ndege mwingine wa baharini, akikaa kwenye ukingo msimkaribie, anatema mafuta yenye uvundo usiotoka kwenye nguo. Pafini, ndege wa baharini pia, huchimba mashimo kwenye majani ya ukingoni, ukikanyaga unabomoa nyumba na huenda ukateleza jabalini. Wanaondoka mapema Agosti, anayewafuata hao aje Juni au Julai.

Sweta za kisiwa: zile halisi zinafumwa pale pale, rangi mbili tu kwa kila mstari, uzi usiotumika unapita nyuma. Sweta kamili ni oda yenye foleni. Kofia au glovu huenda mkapata siku hiyo hiyo.

Pwani2Bergen
Swali: tunatoka Norwei moja kwa moja. Mimi nina pasi ya Tanzania na kibali cha ukaazi cha Norwei, mwenzangu Mnorwei. Inatosha?

BiDira
Haitoshi, ndugu yangu. Kibali cha Norwei hakikuingizi Uingereza. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Uingereza, boti au ndege ni mamoja. Mwenzako naye aombe ile ruhusa ya mtandaoni inayoitwa ETA. Pia nahodha anatuma taarifa ya boti kwa mtandao si mapema kuliko saa 24 na si baadaye kuliko saa 2 kabla ya kuondoka Norwei: majina, pasi, bandari ya kwanza. Mkiingia maili 12 toka pwani mnapandisha bendera ya njano mpaka mruhusiwe. Kwa mara ya kwanza ningekwenda Lerwick kumaliza karatasi, kisha ndiyo nishuke Fair Isle. Mkiondoka Uingereza taarifa hiyo hutumwa tena.