Hotuba za TED zichukue nafasi ya mdahalo shuleni? Wana Tanga semeni

MwanaNgamiani: Wakuu, shule anayosoma mwanangu hapa mjini imefuta mdahalo wa Ijumaa. Kipindi chote sasa ni kutazama hotuba za TED, zile video fupi za mtandaoni, kwenye projekta. Mwalimu anasema hotuba moja kwa kawaida haizidi dakika 18, watoto hawachoki. Mimi naona wanafundishwa kupiga makofi, kusema hawafundishwi. Mnaonaje?

BintiRaskazone: Mdahalo upi? "Mkulima ni bora kuliko daktari"? Mada hiyo mama yangu aliikuta, mimi nikaikuta, na daktari hajawahi kushinda. Waacheni watoto waone dunia. Yule kijana wa Zambia aliyeunda kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, nani angemjua bila TED? Ila najua mtapinga. Watu wa Tanga kwa maneno tumejaaliwa, kwa kazi ndiyo hivyo tena.

Sahibu_Duga: Ndiyo hivyo tena vipi, dada? Mkonge uliolisha nchi hii ulitoka wapi, Dodoma? Enzi za uhuru tulikuwa wa kwanza duniani!

MgeniMwenyeji: Ulitoka Tanga, sawa. Ila wakataji wengi walikuwa manamba, watu wa Kigoma, Songea, mpaka Burundi na Msumbiji. Wenyeji walikuwa barazani wanasubiri kahawa ipoe.

Sahibu_Duga: Shekhe, chunga mdomo. Babu yangu kafanya kazi korona, kwenye mashine za kuchakata mkonge, mpaka vidole viwili vikaenda.

MwalimuMstaafu: Turudi kwenye mada. Kijana huyo ni wa Malawi, William Kamkwamba, na jukwaa la TED alilipanda hapo Arusha tu, 2007. Kiingereza kilimpiga chenga lakini alieleweka. Na kinu alikuwa ameshakijenga zamani, kwa kusoma kitabu cha maktaba. Hakutazama hotuba ya mtu.

BintiRaskazone: Mwalimu, shikamoo, lakini "kilimpiga chenga" ni dharau. Ndiyo maana watoto mkiwauliza swali darasani wanatazama viatu.

MwalimuMstaafu: Marahaba binti yangu. Nimesema alieleweka.

BintiRaskazone: Umeanza na chenga.

Pweza_Pangani: Kuna hotuba zina maandishi ya Kiswahili chini, watu wanajitolea kutafsiri. Waonyesheni hizo, mambo yaishe. Aanze MgeniMwenyeji na ile ya Chimamanda Adichie, mwandishi wa Nigeria, ya 2009, kuhusu hatari ya kuwajua watu kwa hadithi moja. Aitazame mara mbili ndipo aseme tena habari za kahawa.

MgeniMwenyeji: Nimeitazama. Kahawa bado ipo barazani.

Pweza_Pangani: 😂😂 Huyu hafai.

MwanaNgamiani: Jamani, halafu tumeambiwa tuchangie projekta. Elfu tano kila mzazi.

BintiRaskazone: Elfu tano! Mbona hukusema mwanzo? Mimi nina watatu pale.

MwanaNgamiani: Si ulisema waone dunia?

BintiRaskazone: Waione kwa simu yangu, nyumbani.

Sahibu_Duga: Hotuba zenyewe bure mtandaoni tangu 2006, elfu tano ya nini? Mkutano wa wazazi uitishwe. Na wewe Mgeni, sijamalizana nawe. Kwenu hasa ni wapi?

MgeniMwenyeji: Muheza.

Sahibu_Duga: Muheza! Saa nzima nabishana mkonge na mtu wa machungwa.