Mrejesho: ule ukuta wangu wa mita 5

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kama ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kimo mita 5 na upana wa kitako mita 2, utasimama kwenye kiwanja changu cha mlimani Mwanza. Usingesimama. Injinia kapiga hesabu: udongo mkavu unasukuma kama kN 75 (kilonewtoni; kN 10 ni kama uzito wa tani moja) kwa kila mita ya ukuta, na usalama dhidi ya kuteleza (nguvu inayouzuia ukuta, ukigawa kwa nguvu inayousukuma) haukufika hata 1, wakati inatakiwa 1.5. Kitako sasa ni mita 3.2. Mawe yamenimaliza mfukoni! Ila kilichonitisha ni maji. Yakijaa nyuma, msukumo unafika kN 157. Na fundi hakuwa amepanga tundu hata moja la kutolea maji. Tumeweka kokoto na mabomba. Juzi mvua imepiga usiku kucha, asubuhi nikakuta mabomba yote yanachuruzika maji.