Fimbo ya kuvulia imekatika, inaungika?

Swali: Ni ya faiba, tupu ndani, imekatika katikati. Niiunge mwenyewe au nimpe fundi wa boti hapa Malindi?

Jibu: Inaungika. Chonga kijiti cha faiba cha sentimita 10, kiingie nusu kila upande bila kucheza. Piga msasa, futa kwa spiriti, paka gundi ya epoksi, acha saa 24. Halafu zungushia uzi juu ya kiungo, uupake epoksi. Msumari usitie kabisa! Haupindi na faiba, itakatika tena pale unapoishia.

Jibu: Fundi wa boti sawa, ila mwambie epoksi, si resini ya poliesta; hiyo haishiki vizuri kwenye faiba iliyokwisha kauka. Na pete za fimbo zinazopitisha mshipi, ndugu, zipitishie pamba. Ikinasa, pana ufa utakaokata mshipi.