Italia usiku 10 na mama mkwe wa miaka 68 na mtoto: tukodi gari au tupande treni?

Msafiri_wa_Upanga

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri. Mwishoni mwa Septemba tunakwenda Italia, watu wanne: mimi, mume wangu, mtoto wa miaka 6 na mama mkwe wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua. Tunaingilia Roma, tunatokea Venezia. Katikati tunataka Firenze na vijiji vya bonde la Val d'Orcia huko Toscana, yaani Pienza, Montepulciano na Bagno Vignoni. Mizigo ni masanduku makubwa mawili na madogo mawili. Mume wangu ana leseni ya Tanzania na anaendesha kila siku, ila upande wa kulia hajawahi. Nikipiga hesabu, gari la siku 10 linakaribiana na tiketi za treni za watu wanne, ndiyo maana tunavutwa na gari. Viza bado hazijatoka. Tuchukue lipi?

Bingwa_wa_Ratiba

Dada, msichague kimoja kwa safari nzima. Miji mitatu mikubwa ipandieni treni, gari mlikodi siku tatu tu kwa ajili ya Val d'Orcia. Gari likiwa Roma na Venezia mnalilipia likiwa limelala. Venezia barabara inaishia Piazzale Roma, kuanzia hapo ni miguu na boti, na gari linabaki kwenye maegesho ya kulipia hadi mtakapoondoka.

Hesabu yenu nahisi imechukua bei ya kukodi peke yake. Chukulia kipande kimoja tu, Roma hadi Firenze, takribani km 275. Gari dogo linalokula lita 6 kwa km 100 litanywa lita 16 na nusu. Petroli kule imekuwa ikicheza kati ya euro 1.7 na 1.9 kwa lita, kwa hiyo ni kama euro 30. Ushuru wa barabara ya A1 ni karibu euro 20. Mkifika Firenze kuna gereji ya kulaza gari, nayo inalipiwa kila siku. Ongezeni kiti cha mtoto, kwa sababu sheria yao inataka kiti au kinyanyulio kwa mtoto yeyote aliye chini ya sm 150, na dawati la magari hukitoza kwa siku. Barabarani ni saa tatu. Treni ya kasi, Frecciarossa au Italo, inachukua kama saa moja na nusu na inawashusha katikati ya mji.

Mgawo ningeupanga hivi: usiku 3 Roma, treni hadi Firenze, usiku 2 pale. Asubuhi ya kuondoka pandeni tramu T2 kutoka stesheni hadi uwanja wa ndege wa Peretola, dakika 20 hivi, mchukue gari huko. Usiku 3 Pienza au San Quirico d'Orcia. Gari mlirudishe Peretola, tramu hadi stesheni, kisha treni hadi Venezia Santa Lucia, saa mbili na ushei. Usiku 2 Venezia.

Mteremko_wa_Lushoto

Mbona kutoka Siena kuna mabasi ya kwenda Pienza na Montepulciano? Kwa nini wahangaike na kuendesha kulia kwa siku tatu tu?

Bingwa_wa_Ratiba

Mabasi yapo ndugu yangu, lakini ni machache, na Jumapili yanapungua mno. Ukikosa moja unasubiri saa nyingi. Kijana mwenye begi la mgongoni atamudu. Bibi mwenye magoti na mtoto wa miaka 6, hapana. Reli nayo inapita Chiusi, chini bondeni, mbali na vijiji vyenyewe. Kama mume ataona upande wa kulia ni mzito, kuna gari lenye dereva, kule linaitwa NCC, mnalikodi kwa siku moja kutoka Siena. Ni ghali, lakini kwa watu wanne linagawanyika.

Tochi_na_Vibao

Naongezea upande wa gari, maana pesa nyingi huvujia hapo.

Kwanza kabisa, ZTL. Ni maeneo ya katikati ya miji ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi. Mara nyingi hakuna askari wala kizuizi, ni kamera inayosoma namba ya gari. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu na maandishi Zona Traffico Limitato. Juu yake mara nyingi kuna ubao wa taa, na ubao huo ndio unaowaponza wageni: ukiandika *varco attivo*, mtu anadhani mlango uko wazi. Maana yake ni kwamba kamera zinafanya kazi, usiingie. *Varco non attivo* ndiyo ruhusa. Kamera ikisoma namba yako ni faini, kwa hiyo mtu anayezunguka mitaa ya Firenze akitafuta hoteli anaweza kunaswa bila kujua. Kampuni ya kukodi inatoa jina lako kwa polisi na inakata ada yake ya usumbufu kwenye kadi yako kwa kila faini, kisha faini yenyewe inakufuata. Sheria inawapa siku 360 za kuituma kwa mtu anayeishi nje ya nchi. Ukilipa ndani ya siku tano baada ya kuipokea unapunguziwa asilimia 30.

Ndiyo maana Peretola ni bora kuliko ofisi za magari za katikati ya Firenze: ukitoka uwanjani hukanyagi ZTL. Ofisi nyingi za mjini pia hufunga mchana au Jumapili. Pienza na Montepulciano nazo zina maeneo yao ya kuzuia magari, acheni gari nje ya kuta. Mistari ya bluu ni maegesho ya kulipia, myeupe ni bure (soma kibao, wakati mwingine kuna kikomo cha saa), ya njano si yenu. Mama ashushwe karibu na lango kwanza, halafu dereva akaegeshe.

Kutoka Peretola fuateni barabara ya Firenze–Siena, haina ushuru. Baada ya Siena shikeni njia ya Cassia hadi San Quirico, halafu barabara ya vilima yenye kona nyingi hadi Pienza, km 10, na Montepulciano km 14 mbele yake. Tochi za kule mara nyingi hazishikwi na trafiki, ni masanduku kando ya barabara, mengi ya rangi ya chungwa. Mjini ni 50, nje ya mji 90 isipokuwa kibao kiseme vinginevyo, barabara kuu ya kulipia 130 na mvua ikinyesha 110.

Kuhusu upande wa kulia: kodini gari la otomatiki hata kama bei iko juu. Mkono wa kulia wa mtu aliyezoea magari yetu haujawahi kubadilisha gia, na mambo mapya yatakuwa mengi bila hilo. Kinachoharibika zaidi ni rimu na tairi za kulia. Dereva wetu amezoea kukaa karibu na mstari wa katikati akiwa upande wa kulia wa gari. Akihamia kiti cha kushoto bila kujijua anajiweka mahali pale pale pa njia, gari lote linasogea kulia na kugonga ukingo. Dawa yake: mwili wako uwe karibu na mstari wa katikati, na abiria wa mbele aangalie kioo cha kulia siku ya kwanza. Wenye magari ya Kijapani watawasha waipa kila wakitaka indiketa, kwa sababu mikono hiyo imebadilishana. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume cha saa, macho kushoto. Kosa kubwa hutokea asubuhi, ukitoka kwenye maegesho na barabara ni tupu, hakuna gari la kukukumbusha upande.

Sheli: *benzina* ni petroli, *gasolio* ni dizeli. Watu husoma gasolio wakadhani ni petroli. Angalia maandishi ndani ya kifuniko cha tangi kabla ya kugusa pampu. *Fai da te* ni kujijazia mwenyewe, bei ya chini. *Servito* unahudumiwa, bei ya juu.

Msafiri_wa_Upanga

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mume wangu anauliza: kadi ya benki ya kawaida au kadi pepe ya M-Pesa inakubalika kwenye kukodi? Na tiketi za treni tununue sasa kabla bei haijapanda?

Tochi_na_Vibao

Kadi pepe inaweza kulipia mtandaoni, ila dawati la magari linataka kadi ya kushikika mkononi, yenye jina la dereva mkuu. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo hasa, kwa sababu wanazuia pesa za dhamana kwenye kadi. Debiti hukataliwa, au wanaikubali mkinunua bima yao kamili. Someni masharti ya kampuni husika kabla ya kulipa, na muulize benki kikomo cha matumizi nje ya nchi. Bima ya msingi inaacha sehemu ambayo mkodishaji anaibeba mwenyewe, mara nyingi zaidi ya euro 1,000, na mara nyingi haigusi tairi, vioo wala chini ya gari. Njia za vumbi za Toscana, *strade bianche*, zinarusha mawe chini ya gari, kwa hiyo hilo mlifikirie.

Leseni yenu peke yake haitoshi. Italia inataka Kibali cha Kimataifa cha Udereva pamoja na leseni. Tanzania hutolewa na Automobile Association of Tanzania, Kenya na AA Kenya. Shughulikieni kabla ya kusafiri, hakipatikani mkiwa kule.

Mkikabidhiwa gari pigeni picha rimu zote nne, kioo cha mbele, chini ya bampa, geji ya mafuta na kilomita. Mkilirudisha rudieni zile zile, na risiti ya mafuta muitunze.

Mama_Reli

Kuhusu tiketi: viza haijatoka, basi msinunue Super Economy, ile tiketi ya bei nafuu, hairudishwi pesa. Base, yaani ya bei kamili, inabadilishwa kabla ya treni kuondoka. Tena angalieni ofa ya Bimbi Gratis ya Trenitalia: mtoto anasafiri bure mkubwa akilipa Base, na mara nyingine jumla inakuwa ndogo kuliko tiketi nafuu tatu na ya mtoto.

Stesheni zinachanganya. Firenze yenu ni Santa Maria Novella, si Campo di Marte wala Rifredi. Venezia ni Santa Lucia, kwani Mestre iko bara. Ubao hauonyeshi mji mnaoshukia, unaonyesha mwisho wa treni, kwa hiyo tafuteni namba ya treni iliyo kwenye tiketi. Namba ya *binario*, yaani jukwaa la treni, hutokea dakika chache tu kabla. Milango hufungwa kabla ya dakika ya kuondoka. Hakuna ukaguzi wa mizigo kama wa SGR, mkifika dakika 30 mapema inatosha, lakini masanduku mnayabeba na kuyapandisha wenyewe. Kwa magoti ya mama, omba huduma ya Sala Blu, ya kusaidia abiria wenye shida ya kutembea, siku moja kabla au zaidi: ni bure, na wana kinyanyuo cha kumpandisha behewani.

Treni za mikoani ni tofauti. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda, ile ya simu lazima uifanyie check-in kabla ya kupanda. Bila hivyo ni faini hata kama umelipa.

Na angalieni migomo, *sciopero*, hutangazwa mapema. Siku za kazi treni za mikoani huhakikishwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Kwenye ratiba zao mtaona 6:00–9:00 na 18:00–21:00, msije mkasoma sita kama saa sita ya kwetu.

Bingwa_wa_Ratiba

Jambo la mwisho la siku ya kurudisha gari: kukodi kunahesabiwa kwa saa 24. Mkilichukua saa 4 asubuhi, lirudisheni kabla ya saa 4, la sivyo mnaweza kutozwa siku nzima. Toka Pienza hadi Peretola tengeni saa mbili na nusu pamoja na kujaza mafuta, na treni ya Venezia muikate ya kuanzia saa 7 mchana. Kutoka eneo la magari hadi jengo la uwanja kuna basi dogo, nalo linataka dakika zake.