Kuchomoa diski ya mashine pepe ya QEMU ikiwa inafanya kazi: mbona nodi haiachiliwi?

MkaziWaTudor:
Assalamu alaikum wenzangu. Ninasimamia seva ya ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na Kilindini, na ndani yake mna mashine pepe ya Linux inayoendeshwa kwa QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima), aina ya q35. Kila usiku skripti yangu huchomeka diski ya nakala rudufu, ya virtio-blk (diski pepe iliyoundwa kwa ajili ya mashine pepe), kwenye poti ya pcie-root-port (poti pepe ya kuchomekea vifaa). Alfajiri huichomoa kupitia soketi ya QMP (njia ya kuiamuru QEMU) kwa amri ya device_del, kisha papo hapo hutuma blockdev-del ili faili la diski lifungwe nipate kulihamisha. Amri ya kwanza hurudisha jibu tupu la mafanikio, lakini ya pili hukataliwa kwa maelezo kwamba nodi (jina la QEMU kwa faili la diski lililofunguliwa) bado inatumika. Siku nyingine, hasa mashine pepe inapokuwa imejianzisha upya na haijamaliza kuwaka, diski hung'ang'ania pale pale hata nikirudia amri, na ajabu ni kwamba nikiianzisha upya tena, diski hutoweka yenyewe. Je, hii ni hitilafu ya QEMU, au kuna hatua ninayoiruka?

FundiSeva_Kizingo:
Waalaikumu salaam, ndugu. QEMU haina kosa hapo. Kwa vifaa vya PCI, kama diski yako ya virtio-blk, device_del ni hodi tu. Mwenye nyumba ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine pepe, na asipoitikia, kifaa hakitoki. Jibu tupu unalopata lina maana kwamba ombi limepokelewa, wala halisemi kwamba kifaa kimeondoka. Kinachothibitisha kuondoka ni tukio la DEVICE_DELETED, ambalo QEMU hulituma kwenye soketi ile ile pamoja na kitambulisho cha kifaa. Kabla ya tukio hilo kifaa bado kimeishika nodi, ndiyo maana blockdev-del inakataliwa.

Kuhusu diski inayong'ang'ania: mashine ikiwa bado iko kwenye BIOS (hatua ya kuwaka kabla ya Linux kupakiwa), au imesimamishwa kwa amri ya stop, hakuna wa kuitikia. Ile ajabu yako nayo imeandikwa wazi katika maelezo ya amri yenyewe, kwamba mashine pepe ikianzishwa upya, uondoaji wa vifaa vyote vilivyokuwa vikisubiri hukamilishwa.

Usirudie amri ovyo. Katika utaratibu asilia wa PCIe, device_del huwa sawa na kubonyeza kitufe cha poti: taa ya umeme huanza kumweka, Linux husubiri sekunde 5, na kitufe kikibonyezwa tena ndani ya muda huo, ombi hufutwa. Katika matoleo ya zamani ya QEMU, skripti yenye haraka iliweza kujifutia ombi lake yenyewe bila kujua. Matoleo mapya hurudisha kosa kwamba kifaa tayari kimo katika kuondolewa. Iandike skripti yako isubiri tukio kwa muda uliowekewa kikomo, na muda ukipita ikuarifu badala ya kusonga mbele.

BintiNyali:
Naafikiana na aliyotangulia kuyasema Fundi, ila tusimwache ndugu yetu akidhani kuwa kerneli ikiitikia basi data iko salama. Linux hukubali kuondoa diski ya virtio-blk hata ikiwa mfumo wake wa mafaili bado umepachikwa, na kinachofuata ni makosa ya kusoma na kuandika. Kwa hiyo umount (amri ya kuuachilia mfumo huo wa mafaili) itangulie, ndani ya mashine pepe, na skripti ihakikishe imefaulu kabla ya kugusa device_del.

Kwa wanaoandika vifaa vyao wenyewe ndani ya QEMU, ugumu uko upande wa pili. Kuitenga obyekti (kifaa kilivyo ndani ya msimbo wa QEMU) na mzazi wake hakuifuti kumbukumbu yake iwapo bado kuna anayeirejelea, na uzi mwingine unaweza kuwa ungali unaisoma chini ya ulinzi wa RCU (utaratibu wa kuchelewesha ufutaji hadi wasomaji wamalize). Ni wajibu wa unrealize (kazi ya msimbo inayokizima kifaa) kufuta taima, kuondoa kazi zilizoahirishwa na kusubiri maombi ya diski yaliyo njiani yaishe. Taima moja ikisahauliwa, italia baada ya kifaa kufutwa na QEMU nzima inaweza kuanguka.

MkaziWaTudor:
Nawashukuru nyote. Nimetanguliza umount na kuifanya skripti isubiri DEVICE_DELETED. Sasa blockdev-del inapita bila pingamizi. Swali la mwisho: nilipojaribu diski ya usb-storage, tukio lilikuja mara moja bila kungoja chochote. Je, si afadhali nihamie huko?

FundiSeva_Kizingo:
Tukio huja upesi kwa sababu USB haipigi hodi. QEMU hukitoa kifaa hapo hapo, sawasawa na mtu aliyechomoa waya, na kerneli huarifiwa jambo likiwa limekwisha. Kwa kibodi au kipanya hakuna neno. Kwa diski ya nakala rudufu, baki na virtio-blk.