Wauza balbu janja, semeni ukweli kabla hamjapokea hela zetu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Juzi saa nane usiku mama yangu kajikwaa kwenye korido. Ana miaka 71, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na balbu janja, zile zinazoongozwa kwa simu kupitia intaneti, nilizifunga kwa ajili yake: akitoka kitandani sensa imwone, taa iwake yenyewe. Haikuwaka. Nimemkuta kaegemea ukuta, anapapasa swichi ambayo mimi mwenyewe nilimkataza asiiguse, kwa sababu ukizima ukutani balbu inakosa umeme na mtandao unaipoteza. Nafungua simu naona "kifaa hakipo mtandaoni". Goti limevimba mpaka leo.

Miezi mitatu sasa natupiwa huku na kule. Dukani Kariakoo wananiambia tatizo ni intaneti yangu. Mafundi wa intaneti wamekuja, wakapima kasi kwa simu zao, wakasema tatizo ni balbu, wakaondoka.

Wikiendi nimekaa chini mwenyewe na rauta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani. Nilichokikuta ndicho kimenichefua zaidi, maana hawa watu ni kazi yao kukijua.

Balbu hizi zinatumia masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. Rauta yangu inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja. Simu inakamata 5, balbu haiioni kabisa, programu ya kuunganisha inachanganyikiwa, na balbu inabaki inakonyeza tu dakika kumi nzima. Nimetenganisha majina, moja la 2.4 na jingine la 5, na zote nne zimeunganika papo hapo. Dakika tano za kazi! Na jambo hilo limeandikwa kwenye boksi, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Halafu chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo. Kwenye 2.4 zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mtaani kwetu nyumba zimebanana, kila mmoja ana rauta, na yangu fundi aliiacha ijichagulie, upana megahezi 40, inagongana na majirani wote. Nimeiweka chaneli 1, upana 20. Kukatika ovyo kumepungua sana.

Lakini lililomwangusha mama ni umeme. Ulikatika saa tano, ukarudi saa saba. Ukirudi, balbu inaamka kwa sekunde chache, rauta inachukua kama dakika mbili. Balbu yangu inatafuta mtandao, inaukosa, inaacha kutafuta. Nimeirudia mara tatu kwa kuzima meni swichi, na mara zote tatu imegoma hivyo hivyo. Mtengenezaji ameshindwa kuiagiza balbu ijaribu tena baada ya dakika tano? Na sensa iko mita mbili kutoka kwenye balbu, lakini taarifa lazima iende kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, nje ya nchi ndipo irudi koridoni kwangu. Kwa hiyo hata bando likiisha, mama yuko gizani. Hili hakuna aliyenieleza siku natoa hela.

Rauta nimeiwekea UPS ndogo, yaani betri ya akiba, umeme ukikatika haizimi. Korido nimeng'oa balbu janja, nimefunga ya kawaida yenye sensa yake ndani, haihitaji mtandao wala simu. Pale sirudishi kitu kinachotegemea seva.

Wauzaji mliomo humu: mteja akifika, muulizeni ana rauta gani. Mwambieni kabla hajalipa kama taa itawaka bila intaneti. Na akiirudisha ndani ya wiki, pokeeni, msimpeleke kwa watu wa intaneti.

Na wenye kutumia balbu za Zigbee, zile zisizotumia Wi-Fi bali mawimbi yake zenyewe na kituo chao ndani ya nyumba, kwa huu umeme wa kukatika kila mara, zinarudi zenyewe au nazo mpaka uziunganishe upya? Nataka jibu la aliyezifunga kwake, asiwe muuzaji.